Majina ya Nyuma ya Santuri

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya nne studio. Chai, mihogo miwili, nikatoka. Nimefika kabla ya wote kama kawaida. Vijana wa siku hizi wanaamka jua likiwa utosini.

Bendi ni ya Rehema, binti wa hapahapa Bagamoyo aliyekwenda Dar akarudi na gitaa la umeme. Wanapiga bluzi na roki. Bluzi ni gitaa linalolia. Roki ni hilohilo limekasirika. Wanarekodi santuri nzima, zile sahani nyeusi za zamani, naambiwa zimerudi. Wameuomba msondo wangu, ile ngoma ndefu, kwa nyimbo mbili. Wangemwomba nani mwingine? Kutoka hapa mpaka Pangani hakuna mkono kama huu.

Leo Rehema kaja na daftari. Kila mtu ataje jina na kazi yake, yaandikwe nyuma ya jalada. Nikasema: Shabani Pazi, msondo, na kila kitu cha ngoma nafanya mwenyewe. Kombo alikuwa mlangoni, mzigo wa makuti makavu kichwani. Kautua. Kaondoka bila kuaga.

Atarudi. Miaka thelathini ananipashia ngoma moto. Ataenda wapi.

Jumanne, 15 Julai

Hajarudi.

Tumejaribu wimbo wa kwanza. Madirisha wameyaziba kwa magodoro na kiyoyozi kinapuliza mpaka magoti yanauma. Deo, fundi mitambo, anasema mashine zake haziwezi joto. Ngoma yangu haiwezi baridi. Ngozi ikilegea, ni kama unapiga gunia la mchele. Nimemwambia azime. "Samahani mzee wangu, hapana." Mkaidi sana yule. Sipendi watu wakaidi.

Studio wameikodi mpaka Jumapili. Baada ya hapo wanarudi Dar, na santuri inatoka na mimi au bila mimi. Nimepiga harusi, nimepiga jando, nimewapigia wakubwa wakija na magari yao. Jina langu halijaandikwa popote ila kadi ya kliniki. Hili nalitaka. Nalitaka sana.

Jumatano, 16 Julai

Nimewasha moto mwenyewe, uani. Makuti yakaisha upesi, nikaongeza makumbi ya nazi. Nikausogeza msondo.

"Babu, si karibu mno hapo?" Rehema huyo.

Nikamwambia, mjukuu wangu, kazi hii nimeianza mama yako hajazaliwa.

Ikalia pwaa. Ngozi imepasuka ukingo mpaka ukingo. Studio nzima harufu ya nyama choma. Deo katoka, kaangalia, karudi ndani. Bora angenisema.

Nimeona aibu. Basi.

Alhamisi, 17 Julai

Bodaboda mpaka Mlingotini. Kombo alikuwa kibarazani anawamba kitanda. Kaniacha nimesimama.

"Karibu, fundi wa kila kitu. Moto umekuambiaje?"

Habari ilifika kabla yangu. Mji huu una midomo.

Kasema ngozi anayo, ataiwamba, Jumapili atakuja kuipasha. Sharti lake moja. Jina lake liwe nyuma ya jalada pamoja na langu. Nikamwambia duniani hakuna mtu aliyeandikwa kwenye santuri kwa sababu ya kuwasha moto. Ni sawa na kumwandika aliyechemsha chai.

"Basi nenda kapige birika."

Nimegeuza. Nina hasira mpaka sasa, kalamu inatoboa karatasi.

Ijumaa, 18 Julai

Msikitini hotuba sikuisikia, nilikuwa nawaza. Nyumbani mke wangu kanipa wazi: "Bila Kombo wewe ni mzee mwenye gogo."

Niandike ukweli hapa, hakuna anayesoma. Mimi sijui ngozi inataka moto kiasi gani. Sijawahi kujua. Kombo anaigonga kwa ukucha, anatega sikio, anaizungusha, anaigonga tena. Halafu ananipa. Mimi miaka yote napokea na kupiga, na watu wananishangilia mimi.

Nimempigia simu Rehema. Mwandike Kombo. Kauliza aandike nini, msaidizi? Nikasema hapana. Andika moto. Moto na ngozi, Kombo Haji. Kasema sawa babu.

Nimeupeleka msondo Mlingotini. Alasiri ngozi ilikuwa imeshawambwa. Jua la kesho litatosha, kasema. Mimi pole sikusema. Yeye pole hakuidai.

Jumamosi, 19 Julai

Ngozi juani. Nimekaa naye kutwa kuilinda. Kuku wake kaipanda mara mbili, nimemfukuza mara mbili. Maneno machache.

Jumapili, 20 Julai

Siku ya mwisho. Kombo uani na moto wake, mimi ndani. Anapasha, naingia mbio, napiga mpaka baridi inashika, natoka, anapasha tena. Mara tano tumekwenda hivyo. Mara ya sita Deo kainuka mwenyewe kazima kiyoyozi. Kavua na shati. "Mashine zikiungua nasema ni huyu babu!"

Hapo ndipo ilipokubali. Gitaa la Rehema likaacha kulia peke yake, likaanza kujibizana na msondo. Linauliza, najibu. Linatukana, nalirudishia. Nimelia kidogo. Kwa jasho lile hakuna aliyejua.

Zote mbili zimeingia. Nimepiga kuliko mtu yeyote aliye hai. Hilo liko palepale.

Alhamisi, 28 Agosti

Rehema kanitumia karatasi ya jalada kabla haijakwenda kuchapwa. Nihakiki jina. Mimi kusoma nilijifunzia ukubwani, kisomo cha jioni, herufi nazivuta mojamoja. Nimeanzia juu. Shabani silioni. Kombo nimemwona. Yuko juu yangu! Nimepiga simu nikiwa nimewaka. Rehema kasema wamepanga kwa alfabeti, lakini babu ukitaka tunabadilisha, bado kuna nafasi mpaka kesho.

Nikamwambia nitafikiri.

Nimekwenda Mlingotini. Kombo hakusoma kabisa, hata jina lake hajui linaanzaje. Nimekaa naye kibarazani nikamsomea yote, besi, mitambo, mpaka nikafika kwake. Moto na ngozi. Nikamwekea kidole chake pale.

Kauliza, kati yetu nani yuko juu?

Ningeweza kusema mimi. Asingejua maisha yake yote.

Nikamwambia, wewe.

Hakucheka, hakunitania. Kidole kakiacha palepale. Kasema, soma tena. Nikasoma tena.

Rehema sijampigia. Kombo abaki hivyohivyo.