Mama mkwe amesukuma gari

Ndugu yangu, mama mkwe amesukuma gari. Mama mkwe mtarajiwa, na viatu vyake vya visigino, amesukuma gari.

Unajua leo nilimpeleka sokoni ili anipime kama namfaa binti yake. Wakati wa kurudi nikageuza ufunguo, akauliza, "Baba, hiki kitaa chekundu cha betri huwaka kwa nini kabla gari halijanguruma?"

Unanijua nikiulizwa. Nikaacha ufunguo palepale, nikamweleza: injini ikizunguka, alteneta inazalisha umeme na kuichaji betri. Isipozunguka, kila kitu kinaila betri tu. Nikawasha taa, feni na redio ili ajionee. Nikafundisha mpaka taa zikaanza kusinzia.

Kuwasha gari, starta ikasema tik. Basi.

Hajui kuendesha, kwa hiyo mimi nikabaki kwenye usukani. Yeye akakunja mikono ya gauni, akasukuma mpaka likawaka. Akarudi anahema. "Somo limeingia, mwanangu. Limeingia hadi kiunoni."

Njia nzima anajikanda kiuno. Nikajua mchumba sina tena.

Kwao akashuka, akainama dirishani. "Jumapili uje tule, tupange mambo yenu. Ila uje kwa miguu."