Kipande cha Mutua

Jumatatu, 5 Septemba 1983
Nimesaga ugoro tangu asubuhi. Magadi yalizidi, nikaongeza samli. Wateja wa soko la Zombe hawajui tofauti, lakini mimi najua.

Leo imetimia miaka kumi tangu ndugu yangu Mutua anitumie siga ya Kuba, ile sigara nene ya majani matupu. Moja tu, ndani ya kisanduku chenye namba. Aliandika kwamba zilisokotwa mara moja, hazitasokotwa tena, na kwamba zinataka kuzeeka. "Ikae miaka kumi, halafu uionje, uniandikie. Wewe ndiye mwenye pua." Wakati huo alikuwa mpishi melini. Nimeitunza ndani ya chungu na kitambaa chenye unyevu, kama tumbaku yangu nzuri. Kila Jumapili nabadilisha kitambaa. Mwalimu mstaafu, muuza ugoro, yaya wa siga. Kazi sikosi.

Sijapata barua yake miaka miwili. Ofisi ya meli ya Mombasa ilisema alishuka bandari fulani, hakurudi.

Baba mdogo Kimeu amekuja tena. Wazee wanataka Mutua ahesabiwe kati ya marehemu, shamba lake lipewe wengine kabla ya mvua. Nimekataa. Nimemwambia ndugu yangu yuko hai, na mimi sitakuwa wa kwanza kumwita maiti. Ameondoka bila kuaga.

Jumanne, 6 Septemba
Nimeitoa chunguni. Jani la nje rangi ya udongo wa kichuguu, lina mafuta kidogo, mishipa myembamba. Nikibonyeza inarudi. Hakuna kuvu wala mdudu. Nilikuwa na wasiwasi juu ya kiangazi chetu, lakini chungu kimefanya kazi.

Harufu kabla ya moto: ngozi ya kiatu kipya, kahawa, na utamu kwa mbali, kama nta ya mzinga. Nimevuta hewa bila kuwasha. Inapita vizuri.

Alama tisa juu ya kumi. Nilipokuwa darasani sikumpa mtoto yeyote tisa.

Jumatano, 7 Septemba
Nimefanya kosa baya sana.

Saa kumi jioni nilikaa mlangoni, nikakata ncha kwa wembe. Kwetu ukifungua tumbaku mpya, kipande cha kwanza unakiangusha chini na kumtaja marehemu wako. Mama alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo kila siku sokoni, kanisa linaninunia kwa ajili hiyo. Aliye hai hatajwi. Hata mtoto anajua.

Ncha ikawa mkononi. Nilikuwa nawaza barua nitakayomwandikia. Vidole vikaiachia, na mdomo ukasema, "Hii ni yako, Mutua."

Nimewakatalia wazee miaka miwili, halafu nimemzika mwenyewe kwa vidole viwili.

Nilivuta kidogo, kwa kuchanganyikiwa. Naandika kwa kuwa aliomba: mwanzo pilipili, kisha kahawa, kisha ile nta. Moshi mnene, laini. Sikuweza kuendelea. Niliiacha izime juu ya kifuniko cha kisanduku. Imebaki zaidi ya nusu.

Alhamisi, 8 Septemba
Ncha haipo pale chini. Kuku hawali tumbaku.

Siga imepungua. Jana niliiacha ndefu kuliko kidole changu cha kati. Leo inafika nusu ya kidole. Kwenye kifuniko kuna jivu jeupe, limenyooka, halijavunjika. Jivu la mtu anayevuta polepole na hana haraka. Mlango ulikuwa na komeo.

Nimemwambia Mbithe, jirani. Yeye ni mtu wa kanisa, amemwombea Mutua kila Jumapili. Akasema, "Na wewe ulimtaja kwa nini, mtu mzima hivyo? Sasa nyamaza. Kimeu asisikie."

Ijumaa, 9 Septemba
Nimekwangua udongo wa pale mlangoni, nikautupa mbali. Najua ni upuuzi. Mama alinifunza kutoa, hakunifunza kurudisha.

Sokoni mchana nimesikia moshi wa siga ile, karibu kabisa, kama mtu amesimama nyuma ya kibanda. Nimewauliza wateja watatu. Hakuna aliyesikia kitu.

Naogopa.

Jumamosi, 10 Septemba
Nimeiwasha tena, mvuto mmoja. Siga iliyozima siku tatu huwa chungu. Hii si chungu. Ina chumvi. Tumbaku haina chumvi, na Jumatano haikuwapo. Mdomo mzima chumvi, kama maji ya bahari.

Nimeizima. Alama sijui.

Jumapili, 11 Septemba
Mutua amekuja.

Mchana, watu wakitoka kanisani. Alitoka upande wa barabara na mkoba mmoja, amekonda, ana mvi. Wote wamemwona. Mbithe amepiga vigelegele, amemshika mikono. Kimeu amelia kwa aibu, akasema mbele ya watu shamba ni la Mutua. Furaha yangu siwezi kuiandika.

Watu walipokwenda aliuliza, "Dada, ile siga ilikuwaje?" Nikampa kilichobaki. Akawasha, akavuta polepole, macho nusu wazi. Moshi ukajaa chumba.

Sikusikia harufu yoyote.

Nikadhani pua imekufa. Lakini maharagwe ya Mbithe yalikuwa yanaungua kule kwake, nikayasikia. Nikasogea karibu na Mutua. Amesafiri siku nzima kwa vumbi na jua. Shati, shingo, nywele. Hakuna jasho. Hakuna sabuni. Hakuna kitu. Kila kiumbe hai nilichokikaribia maishani kina harufu yake. Huyu hana.

Akauliza kwa nini nanusa kama mbuzi. Tukacheka wote wawili.

Jumatatu, 12 Septemba
Kimeu amepita asubuhi kuuliza kama sasa nimeridhika. Nimesema ndiyo. Ni kweli.

Mutua yuko shambani tangu alfajiri, anafyeka vichaka. Anafanya kazi kama zamani, anaimba vibaya kama zamani. Mbithe anasema Mungu amejibu. Sijambishia.

Saa sita nimempelekea uji. Amekunywa wote, akapangusa mdomo kwa mkono. Nilisimama upande upepo unakotokea, nisijaribiwe kunusa.