Baba, Yule Mzee wa Jukwaani Alikuwa Wewe

Baba,

Nakuandikia nikiwa huku mjini, mtaa wa Section 58, kwenye hiki chumba changu ulichokiita "chumba cha kubadilishia nguo" kwa sababu uliona hakuna kingine mtu angeweza kufanya humu. Barua hii wengine wataisoma pia. Wacha wasome. Nilikuaibisha mbele ya watu, kwa hivyo sina haki ya kukuomba msamaha kwa siri.

Unakumbuka nilipojiunga na kikundi cha maigizo huku mjini? Mama aliuliza kama hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma. Wewe ulifurahi kupita kiasi, maana ulikuwa umepata utani mpya. Nikirudi nyumbani Bahati wikendi, hata sijavua viatu, ulikuwa tayari. "Nasikia ulipanda jukwaani. Mbolea uliweka?" Nikisema watu walipiga makofi, ulishtuka: "Walikupiga makofi? Wangapi? Ngoja nivae viatu twende polisi!" Stima ikipotea tukiwa mezani, ulisema sasa ndio wakati wangu, kwa sababu bila giza hakuna kuigiza. Na siku niliyokuja kujisifu kwamba mimi ndiye mhusika mkuu, ulinisukumia karai la vyombo ukasema, "Basi husika na hivi."

"Baba Shiru, hebu wacha mtoto ale," Mama alisema kila mara.

"Ah, Baba, utani wako umeoza!" nami nililalamika. Lakini nilicheka, Baba. Nilijifunika uso kwa kikombe cha chai usinione.

Sasa lile koti. Kikundi chetu hakina nguo za kuigizia, kila mtu huomba nyumbani kwao: leso ya nyanya, kofia ya mjomba, chochote. Tulipotunga mchezo wa kuchekesha kuhusu mzee wa shamba anayekuja mjini kumtafuta bintiye, mimi ndiye niliyepewa kuwa huyo mzee. Nikakuomba lile koti lako la kukamulia ng'ombe. Ukaingia chumbani ukatoka na la kanisani, lile la kijivu, umeshalipiga brashi. "Mzee wa jukwaani asionekane kama hana watu," ukaniambia.

Nililipaka matope, Baba. Nikafumua mfuko mmoja ili uning'inie. Halafu nikachukua mwendo wako, vile ulivyovuta mguu wa kushoto tangu ng'ombe akupige teke, na vile ulivyoanza kujichekea kabla hujamaliza mzaha. Mizaha yenyewe nikaichukua neno kwa neno. Tofauti ni kwamba pale jukwaani, kila mara mzee alipofungua mdomo, wenzangu waliwageukia watazamaji na kukunja pua, kama kusema, hebu oneni huyu mshamba. Watu walivunjika mbavu.

Sikukualika. Nilikudanganya kwamba tiketi zimeisha. Ukaja tu, umevaa sweta, ukaketi safu ya tatu karibu na ukuta. Nilikuona nikiwa katikati ya ule mzaha wa mbolea. Ningeweza kuukatiza hapo hapo, wenzangu wangenifuata, tumezoea kubadilisha mambo tukiwa jukwaani. Lakini kile kicheko kilikuwa kitamu mno. Badala ya kuacha, niliuvuta mguu zaidi. Naona aibu hata kuandika hilo. Nawe ulicheka wengine walipocheka, ukichelewa kidogo.

Wikendi iliyofuata nilikurudishia koti limefuliwa, mfuko nimeushona. Ulikuwa kwenye ngazi ya mlango unapukusua mahindi. Nikakuchokoza, nikasema watu walipiga makofi mpaka mikono ikawauma. Nikangoja.

"Ni vizuri," ukasema, ukachukua hindi lingine.

Mama alikutazama, halafu akanitazama mimi. Tangu siku hiyo hukunitania tena. Stima ilipotea mara nyingi, nawe ulitafuta mshumaa tu. Tena juzi Mama ameniambia jambo ambalo nimeshindwa kulimeza. Ati ulikuwa ukienda nyuma ya zizi, ukidhani hakuna anayekuona, ukijifunza kutembea bila kuvuta mguu.

Ningekuja kusema pole siku yoyote. Bahati si mbali. Nilijiambia wewe si mtu wa kuweka mambo moyoni, nikajiambia ni maigizo tu, na ukweli ni kwamba niliogopa kukuangalia machoni. Kisha ukaugua.

Siku ile hospitalini, Mama alikuwa ametoka kukutafutia uji. Ulifungua macho ukaniuliza polepole, bila hasira yoyote, "Yule mzee bado mnamcheza?"

"Tulimwacha kitambo, Baba," nikajibu haraka haraka.

Jumamosi iliyokuwa imepita tu nilikuwa Gilgil, nikimcheza, na watu wakinipigia miluzi.

Ukanifinya mkono. "Asante, mama," ukasema. Hivyo ndivyo ulivyoniita siku zote, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Hukuniambia kitu kingine cha maana baada ya hapo.

Juzi nimewaambia wenzangu kwamba yule mzee hatachezwa tena, na nikawaambia alikuwa nani. Wamekasirika. Mmoja amesema ndiye anayejaza ukumbi, mwingine amesema pengine ungefurahi kukumbukwa hivyo. Wao hawakukuona ukicheka kwa kuchelewa. Nimekataa, na nikifukuzwa kikundini, basi nimefukuzwa.

Lakini nimemwacha ukiwa umeshazikwa, na wewe ulinishukuru ukiwa hai. Ile asante yako niliipokea, Baba. Niliitikia kwa kichwa nikiwa nimekushika mkono, na haikuwa yangu.

Nisamehe.

Binti yako wa kwanza,
Shiru