Pipa Lililokatika

Karakana ya viatu, chumba cha nyuma
Jumanne, saa saba na robo mchana

Mpendwa Dada,

Salamu tele. Mgongo unaendeleaje? Shemeji na mapacha hawajambo? Sisi wazima, ila roho yangu iko juu juu tangu jana, na nakutumia haya kwa simu ili uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mwingine.

Baba yako, Baba Mdogo wangu, anakaribia kufukuzwa kazi. Kosa ni langu.

Unaijua ile rangi ya maji tunayopaka viatu vya wauguzi, ikikauka unakunja weee haipasuki? Ni poliyurethani, aina ya plastiki. Kwa asili yake haipatani na maji hata kidogo. Ujanja ni kwamba minyororo ya molekuli zake imepachikwa ioni zenye chaji hasi. Zinasukumana, basi chembe zinaelea majini bila kugandana. Nilisoma mwenyewe kwenye simu, nikaruka kitandani!

Sasa jana maji yasiyo na chumvi tunayochanganyia rangi yaliisha. Nikaona uvivu kwenda dukani, nikamimina ndoo ya maji ya kisima kwenye pipa la rangi. Sikumwambia Baba Mdogo. Yeye akakoroga, pipa zima likakatika mabonge kama maziwa yaliyochacha.

Bosi akamwambia mbele za watu, "Mzee, macho yalishakwisha, leo na mikono?" Watu wakacheka. Wakati wa kunawa baba yako akaniambia taratibu, "Kiroboto mwanangu, labda kweli nimezeeka."

Nami nikampa sabuni, Dada. Sabuni tu!

Leo asubuhi nimejaribu rangi kidogo kwenye glasi mbili. Ya maji ya dukani, laini. Ya kisima, mabonge. Ni ile chokaa inayoacha magamba meupe kwenye birika: ioni yake ina chaji chanya mbili, inadaka mnyororo huku na mwingine kule, inaifunga pamoja.

Bosi anarudi saa nane kutoa uamuzi. Nitamwekea glasi zote mezani. Najua nitatimuliwa.

Baba yako nimemwambia sasa hivi. Alinikodolea macho, akanichapa kofi la kisogoni. "Mwendawazimu wewe! Tangu jana najiona marehemu!" Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Sasa anavua aproni, anasema tunaingia kwa bosi sote wawili.

Msalimie shemeji, nibusie mapacha. Mungu akutunze huko uliko. Na tafadhali, usimpigie baba yako simu kabla ya saa tisa.

Mdogo wako, anayekupenda hata ukimkasirikia,
Kiroboto