Sauti ya Baba Kwenye Kanda Yako

Kijiji cha Nkololo,
S.L.P. 114,
Bariadi, Shinyanga.
10 Juni 2001

Mpendwa mdogo wangu Danford,

Mwadila! Pokea na marahaba yangu kabisa, maana najua umeniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Na kama hukuniamkia, ukimaliza kusoma utaniamkia mara mbili. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepona? Joto la Dar es Salaam linakuacha ulale? Unakula chakula cha kueleweka, au bado wewe na wenzako hapo Sinza mnaishi kwa chipsi na soda?

Sisi huku ni wazima, Mungu ashukuriwe. Goti la mama limetulia tangu mvua zilipokata, ingawa akitoka kisimani lazima alalamike kidogo ili tusisahau kwamba ni mgonjwa. Mahindi ya kula tumepata, mpunga haba, pamba imekubali. Hayo ndiyo mazuri. Sasa tafuta pa kukaa.

Danford, umetufanyia nini? Tangu Jumatano akili yangu haijarudi mahali pake. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena, kwa sababu kila nikiandika jina lako natamani kukuchapa, halafu nacheka, halafu nakumbuka yaliyonipata na machozi yananijia. Uvumilie mwandiko.

Lakini nianze na ulichoniuliza, usije ukasema dada yako hajibu maswali. Ulitaka kujua kanda gani mpya zimefika Bariadi, maana redio zinapiga za wakubwa tu, na ninyi wa chinichini, mnaojiita andagraundi, hamjui kazi zenu zinaishia wapi. Nilikwenda sokoni kwa Jenifer, yule dada anayeuza kanda karibu na mafundi baiskeli. Kuna kanda ya vijana wa Mwanza wanaojiita Pamba Nyeusi, wanachana mistari kwa kasi hadi unadhani wanakimbizwa na nyuki. Hiyo inapendwa na wanafunzi wa sekondari. Kuna nyingine ya mtu mmoja wa Arusha, haina mwimbaji hata mmoja, ni kompyuta tupu inadunda na kulia upande wa kwanza hadi wa pili. Nilipoisikia nilidhani mashine ya kusaga imeharibika. Ajabu ni kwamba wanaoinunua ni watu wazima, madereva wa malori. Wanasema inawafukuzia usingizi njiani.

Na yenu ilikuwepo. Karatasi ya juu ni fotokopi, jina lako limeandikwa kwa kalamu. Sikufichi, nilijivuna. Nilimwambia Jenifer kwamba huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, akanipunguzia bei. Nikaitia kwenye mkoba nikarudi nyumbani, na nyumbani redio haikuwa na betri. Laiti ningemwambia aipige pale pale!

Jumatano tukapeleka pamba. Unajua siku hizi si ushirika peke yake. Wanunuzi ni wengi na kila mmoja anatuvuta kwake kwa mbinu zake. Huyu mmoja amefunga spika kubwa juu ya lori, anapiga nyimbo mpya tangu asubuhi, na wakulima wanamfuata kwa sababu ya muziki kuliko bei. Baba alikuwa amesimama penye mizani, mkono juu ya mzigo wetu, akimkodolea macho karani kama kawaida yake. Ikaanza ngoma ya kompyuta, nzito, watu wakatikisa vichwa. Halafu spika zikasema, kwa Kisukuma, kwa sauti ya baba yetu mzazi: "Hizi nazo ng'ombe?"

Baba aligeuka nyuma. Alidhani kuna mtu anamwiga. Spika zikaendelea: "Hii imekonda mpaka naiona njaa ya mwenye nayo. Na hii pembe yake ya pili iko wapi, waliipikia mboga? Mboje wa Sapiwi, unafuga ng'ombe au unafuga mbavu?" Kisha mashine yako ikalishika neno la mwisho na kulirudia, mbavu, mbavu, mbavu-mbavu, na wewe ukaingia juu yake na Kiswahili chenu cha mjini.

Danford, watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Karani aliacha mizani. Mimi nilipigwa na butwaa, mdomo wazi, vumbi la pamba likaniingia. Baba alinisogelea polepole akaniuliza, "Mayu, mama yangu, yule ni mimi?" Nikamwambia, ni wewe, baba. Akaketi juu ya mzigo wa pamba.

Nilikumbuka hapo hapo. Krismasi, siku walipoleta ng'ombe za mahari yangu kutoka Sapiwi, wewe ulimfuata baba zizini na kile kinasa sauti chako kidogo. Wageni walikuwa wameshaondoka, wameagwa vizuri, wamekunywa, wamesifiwa. Unajua wazee wetu. Mtu akishapokea mahari, lazima aingie zizini peke yake azisengenye ng'ombe mpaka roho yake itulie, na maneno yale yanabaki mle mle na samadi. Hata baba mkwe wangu Mboje mwenyewe alifanya hivyo alipowaoza mabinti zake. Ulimwambia baba unataka sauti yake ya kusikiliza ukiwa mpweke. Hapo Sinza hakuna anayejua Kisukuma, mkaona ni mlio mzuri tu. Hukufikiri kwamba kanda itapanda basi irudi kwa wenye lugha yao?

Maana walikuwepo wanawake wa Sapiwi pale kwenye mizani. Wao hawakucheka. Walifunga vitenge vyao, wakachukua baiskeli, wakaondoka bila kuniaga, na mmoja wao ni shangazi yake Marcelo, mchumba wangu.

Nikuambie wazi, kwa kuwa wewe ni wa kwangu. Nampenda Marcelo. Sijampenda kwa kuwa wazee wamekubaliana; nilimpenda kabla, tangu siku zile za kwaya ya parokia. Ndoa yetu ilishatangazwa kanisani mara ya kwanza, na mara ya pili ilikuwa iwe leo. Alhamisi ukaja ujumbe kwamba watu wa Sapiwi wamemwomba Padre asubiri. Nilipousikia nilikuwa napepeta mchele. Ungo ulinianguka na kuku wakafanya karamu.

Ijumaa baba alimtuma mshenga, Mzee Kasmiri, aende akatulize mambo. Alirudi jioni amenuna. Hakupewa kiti, hakupewa maji, na kutoka kwenye kila nyumba aliyopita barabarani alisikia wimbo wako. Watoto wanauimba wakichunga. Hata wanakwaya wenzangu nimewakamata wanauvumisha kwa pua. Jenifer anarudufu kanda mchana kutwa na bado hazitoshi. Katika hali nyingine yoyote ningekuwa natembea nimenyoosha shingo kwa ajili yako, lakini wewe unapata jina na mimi napoteza mume.

Jana Jumamosi, Mzee Mboje alikuja mwenyewe. Alikuja na Marcelo, na Marcelo alikuwa amebeba redio ya kanda kichwani. Mama alikimbilia jikoni. Mimi nilibaki nimesimama kama nguzo, nilishindwa hata kupiga magoti kuamkia. Mzee akaagiza redio iwekwe katikati ya ua, wimbo upigwe wote, na yeye na baba wakae wasikilize. Wakakaa. Baba alitazama vidole vyake vya miguu tangu mwanzo hadi mwisho.

Ulipokwisha, baba alifungua mdomo kuomba radhi. Mboje akamkatiza, na hapa nakuandikia walivyosema, usije ukadhani naongeza chumvi.

"Masele, acha. Mimi nilikuwa manju, mtunzi wa nyimbo za ngoma ya Bagika. Nimetukanwa na manju wa wapinzani wetu, Bagalu, mbele ya uwanja mzima, wakati huo wewe ulikuwa unawabebea wachezaji maji. Sikuja kuombwa radhi. Umeniimba, nitakujibu. Taja siku."

"Mimi sikuimba," baba akasema. "Nilikuwa naongea na ng'ombe."

"Uliongea na ng'ombe, mbona wajukuu wangu wanacheza? Mimi mwenyewe juzi mguu ulianza kabla sijaukataza. Huo ni wimbo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama Marcelo, naye alikuwa ananitazama kwa macho yale yale ya kushangaa. Yaani wewe na kompyuta yako mmejiona watu wa muziki mpya, kumbe huku wameusikia kama mashairi ya mashindano ya ngoma, tena ya Bagalu, na mkwe wangu mzee mwenye mvi ameamka kujibu!

Walikubaliana hivi. Siku ya Saba Saba, uwanja wa hapa Nkololo. Mboje upande wa mashariki na ngoma zake na wazee wenzake wa Bagika waliobaki, baba upande wa magharibi na wimbo wake, pande zote zianze kwa wakati mmoja kama desturi, na watu waende wanakotaka. Upande utakaojaza watu ndio umeshinda. Baba akishindwa, atasimama mbele ya watu na kuzisifu zile ng'ombe. Mboje akishindwa, ile iliyokonda atairudisha kwake na kuleta nyingine. Kwa vyovyote vile, kesho yake Padre ataendelea na matangazo.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Baba hana wimbo. Wimbo wake uko ndani ya mashine yako. Mboje amesema hataki kanda, kanda ni ya dukani. Anataka aliyeutengeneza asimame uwanjani ambapo anaweza kujibiwa. Siku ile upande wa baba ukiwa kimya, itamaanisha tulitukana tukajificha. Hapo ng'ombe zitarudi Sapiwi na ndoa imekufa. Kwa hiyo usiniambie habari za studio wala za onyesho lenu la mwezi wa saba. Chukua kompyuta, chukua wenzako wanaochana, panda basi. Yule mnunuzi wa pamba ameshasikia, na amejitolea lori na jenereta bila kuombwa, maana anajua umati utakuja na mizigo yake ya pamba. Spika zake amesema nazo utazikuta, ila nitakueleza kwa nini nataka ulete na zenu.

Mboje alipokuwa anaondoka alininyooshea fimbo yake akauliza, "Na huyu atasimama wapi?" Unajua uwanja ule, kila mtu anahesabika kwa miguu yake. Usiku kucha nilijigeuza kitandani. Nikisimama kwa baba, nimewakataa wakwe mbele ya wilaya nzima. Nikisimama kwa Mboje, namcheka baba yangu, mzee ambaye hana kosa ila kumwamini mwanawe na kinasa sauti chake.

Leo asubuhi kabla ya misa nilimkuta zizini anakaza miti ya ua. Nilimwambia, baba, nimeamua, nitasimama na wewe. Hakugeuka. Akasema, "Hapana, mayu. Utasimama kwa Mboje."

Nikamwambia, mimi ni mtoto wako. Akajibu, "Ndiyo maana. Ukisimama kwangu siku ile, watu watasema sijakutoa."

Miaka yote hii nilijua kwamba siku moja nitaondoka, nimeshashona hata gauni, lakini sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Niliona ni afadhali angenigombeza. Alizunguka akaendelea na miti yake, akaigonga zaidi ya inavyohitaji. Baadaye kidogo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, hizo spika za Danford sauti zake zinafika mbali? Nikamuuliza mbali wapi. Akasema, "Upande wa pili wa uwanja. Uwe unanisikia."

Kwa hiyo lete spika, Danford. Lete kubwa kuliko zote mlizo nazo.

Mama anakusalimu sana, anasema ukija uje na nguo ya heshima, si ile suruali inayoburuta. Mzee Kasmiri anakusalimu kwa meno yaliyoumana. Nisalimie shangazi Martha wa Temeke na mume wake, na Domitila mwanawe, mwambie harusi ipo ila aombe Mungu. Nisalimie na hao wenzako wa andagraundi. Hawanijui, lakini watanijua Saba Saba. Bwana akulinde barabarani, wewe na mashine yako, akufikishe ukiwa mzima ili tupate wa kumgombeza.

Mimi dada yako akupendaye, ambaye siku hiyo nitacheza upande wa mashariki kwa nguvu zangu zote ili ushindwe,

Mektilda Masele