Tatu, Uwanja Ulikuwa Mrefu

Tatu mwanangu,

Zamani barua zilianzaga na maneno ya mie huku mzima, hofu ni juu yako. Nimeyaandika, nikayatazama, nikayakata. Juu yako hofu gani tena? Nilikuwepo Kimbiji siku ile. Nilibeba jeneza lako na nikakataa kupokewa na vijana mpaka kaburini, na umri wangu huu. Bega liliuma wiki nzima, sikumwambia mtu. Nakwambia wewe.

Naandika polepole. Unajua shule yangu mie ni kisomo cha watu wazima tu, na hata hicho niliacha, maana mwalimu alikuwa ananisahihisha mno. Lakini barua hii simpi mtu aniandikie. Ina neno ambalo lazima litoke kwenye mkono wangu mwenyewe.

Neno lenyewe ni hili: uwanja ulikuwa mrefu.

Umeshaanza kucheka. Cheka tu, ila nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka nilivyoupima. Mie mlinzi wa shule, mwalimu mkuu wa wakati ule anataka mzunguko wa mita mia nne, hakuna mwenye tepu ndefu, walimu wote wanakuna vichwa. Nikasema niachieni. Mtu aliyekata mkonge miaka sita kule Lindi, akaja kubeba magunia bandarini miaka kumi na moja, atashindwa na kiwanja cha shule ya Yombo? Nikachukua kamba yangu ya katani, nikaipima kwa ile rula ya mita ya ubaoni, mara hamsini, nikakata. Kamba ya hamsini, mara nane, mia nne. Nikamwaga chokaa. Wewe ulikuwa darasa la sita, miguu myembamba kama korongo, ukauliza, "Mjomba, nikimbie?" Nikasema kimbia. Mtu wa kwanza kuzunguka mstari ule ni wewe.

Na mie ndiye niliyekufanya bingwa. Nimesema hivyo msibani, nimesema sokoni, na nitasema mpaka nife. Makocha wako walikuja baadaye na filimbi zao, wakakuta chakula kimeshaiva. Mia nane, elfu moja na mia tano, nchi nzima hakukuwa na wa kukugusa. Ukavuka mpaka nje, ukarudi na medali shingoni, ukaja nayo kwangu kabla hujaenda kwenu. Na watu walikuwa wanaongea kitu kimoja tu, ule mwisho wako. Wenzio wakifika mita za mwisho wanaonekana kama wanakimbia kwenye tope, wewe ndio kwanza unaamka. Mtangazaji wa redio alikuwa anapayuka mpaka sauti inamkauka: "Huyu dada anaitoa wapi hii?" Mie najipiga kifua. Kwangu. Anaitoa kwangu.

Lakini kuna siku ulirudi kutoka uwanja mkubwa wa mjini, mara yako ya kwanza kukimbia kule. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulikaa kwenye kizingiti cha kibanda changu cha getini unatafuna muhogo mbichi, ukasema taratibu, "Mjomba, uwanja wa kule mfupi. Au wa kwetu mrefu."

Nilikutukana, Tatu. Nilisema umepata kikombe kimoja umeanza kuota mapembe. Nikasema huo ni uvivu unatafuta pa kujificha. Nikakuzungusha mizunguko kumi jua la saa nane, mie nimekaa kivulini. Ulilia huku unakimbia. Hukusimama. Na tangu siku hiyo hukulitaja tena.

Hilo ndilo linalonikaa kooni.

Sasa sikia ya huku. Mwanao Asha amekuwa mkubwa, amekupita kimo. Baba yake anamtaka akakae naye Boko, mtoto kakataa, yuko kwa shangazi yake hapa hapa Yombo. Anasema Boko hakuna uwanja. Anakimbia kama wewe isipokuwa mikono, anaipunga kama anafukuza inzi. Narekebisha. Ile saa ya kubonyeza uliyoniletea kutoka ng'ambo bado ninayo, mkanda wake ulikatika nikafunga kwa uzi wa kiatu. Kwa saa hiyo Asha alikuwa anakimbia mia nane kwa dakika mbili na sekunde kumi na mbili. Kila siku kumi na mbili. Haishuki.

Yupo Mwalimu Neema, mwalimu wa michezo, binti wa Kinyaturu kutoka Singida, mpole wa sauti lakini mbishi. Karibu anifikie. Akapeleka muda wa Asha kwa wanaochagua timu ya mkoa. Wale wanataka mbili na kumi. Wakajibu mtoto mzuri, muda bado, kama atashusha kabla hatujafunga orodha tuambieni. Asha hakula siku mbili.

Ndipo Mwalimu Neema akaja na tepu ndefu ya wapima viwanja. Nilipomwona nikachukua kiti changu cha plastiki, nikaenda kukaa katikati ya mstari.

"Shikamoo mzee. Naomba unipishe kidogo, nipime."

"Marahaba. Sipishi. Umeshapimwa."

"Na nani?"

"Na mie."

Alisimama, nikakaa. Watoto wakajaa kutazama. Mwisho akaenda kwa mwalimu mkuu, na yule mama ananiheshimu, akasema mstari ni wa Mzee Chilumba, hauguswi mpaka mwenyewe aseme. Nikarudi getini kifua mbele.

Lakini neno la kupimwa lilinikera. Nikasema ngoja nimwaibishe binti wa watu. Nikaitoa kamba yangu, bado ninayo ile ile, inaning'inia ukutani. Nikamwita na tepu yake, tukailaza sakafuni verandani. Ikatoka mita hamsini na moja na nusu. Nikasema tepu yako mbovu, ya Kichina. Akaikunja tepu yake akaondoka, na mie kwa hasira nikaiacha kamba uani.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi kamba imeloa chapachapa. Sijui shetani gani alinituma, nikachukua rula ya ubaoni nikaipima tena, mara moja, mara mbili, mpaka hamsini. Ikaishia hapo hapo. Hamsini kamili.

Nilikaa chini palepale kwenye tope, Tatu. Katani ikiloa inafupika, ikikauka inarefuka. Kila aliyewahi kushika mkonge analijua hilo. Mie ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu Lindi! Na nikakumbuka: kamba ile niliikata asubuhi ya masika, imelala nje. Jua likawaka siku tatu, ikakauka, ndipo nikaenda kuuzungusha uwanja. Mzunguko wetu ni mita mia nne na kumi na mbili. Kila ulipokimbia mia nane kwangu ulikuwa unakimbia na ishirini na nne juu yake. Na mtoto wako vilevile.

Unadhani nilisema? Nilinyamaza siku nne.

Si aibu peke yake. Kuna ule ukuta wa stoo. Nilikuandika pale kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu, TATU 2:09, hakuna aliyewahi kukuangusha. Uwanja ukifupishwa, Asha na sekunde zake kumi na mbili anakuangusha siku hiyo hiyo. Medali zako ziko Boko kwenye kabati la kioo, sizioni. Mie nina ukuta tu. Nikasema moyoni, Asha atakimbia mwakani, dunia haiishi. Nikakuchagua wewe uliyelala nikamwacha aliye hai.

Siku ya tano, saa nane mchana, nikamwona yuko peke yake uwanjani. Anazunguka. Nikahesabu mizunguko sita, saba. Nikamwita, "We Asha, jua hilo! Nani kakutuma?"

Akapita hakusimama. "Mimi mvivu, babu. Ndiyo maana muda haushuki."

Analia huku anakimbia.

Sikungoja afike kumi. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, walimu wote wamekaa wanasahihisha madaftari, nikavua kofia. Wewe uliwahi kuniona nimevua kofia? Nikasema: "Niliikata kamba imeloa. Uwanja mrefu. Mtoto hana kosa." Nilitegemea Mwalimu Neema acheke. Akainuka akanivutia kiti.

Tuliupima kesho yake. Yeye tepu, mie chokaa, maana chokaa simwachii mtu. Asha alikuwa anashika ncha. Tulipofika kona ya mnazi akaniambia kama anazungumzia hali ya hewa, "Mama alikuwa anajua, babu."

Nikasema alikuwa anajua nini?

"Kwamba mrefu. Alihesabu hatua zake hapa kwetu na kule mjini. Alisema nisikwambie. Alisema, uwanja wa mjomba ndio ulionipa mwisho wangu, ukiuzoea mrefu, kwingine kote unafika kabla hujachoka."

Ndoo ya chokaa iliniponyoka. Mstari una baka kubwa pale mpaka sasa, wanaouliza nawaambia ni alama ya kitaalamu.

Kwa hiyo mie ndiye niliyekufanya bingwa, sikukosea. Nilikosea kamba tu. Lakini ile mizunguko kumi, mwanangu, ile haikuwa kamba. Ile ilikuwa mie. Nisamehe. Nilipaswa kulisema hili ukiwa umekaa pale kizingitini.

Wale wa mkoa walituma mtu na saa yake mwenyewe. Asha akakimbia kwenye mstari mpya: mbili na nane. Yule bwana akaitazama saa, akamtazama Asha, akaniuliza, "Mzee, mwisho ule anautoa wapi huyu?" Unajua nilivyojibu. Ameshaingia kwenye orodha, mwezi ujao anakwenda kambini. Shangazi yake alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Ukutani nimemwandika, ASHA 2:08. Wewe sikukufuta. Mwalimu Neema alikokotoa kwenye simu, akasema kwa uwanja sahihi wewe ungekuwa mbili na tano, tubadilishe. Nikakataa. Nikamwambia Tatu hakukimbia hesabu, alikimbia uwanja. Badala yake nimeweka jiwe, mita ishirini na nne mbele ya mstari wa kumalizia. Nimepima kwa tepu. Usicheke. Jiwe nimelipaka chokaa. Pale ndipo mia nane yako ilipokuwa inaishia.

Kamba nimewapa watoto wanavutania. Ina nguvu bado.

Jana nilikuwa na saa mkononi, Asha akapita mstari, nikabonyeza. Hakusimama. Akaendelea, kichwa chini, mikono imetulia kabisa, hapungi inzi, mpaka kwenye jiwe, akaligusa kwa mguu. Nikamwambia muda umeshachukuliwa pale nyuma, unakimbilia nini? Akasema, "Mama alikuwa anaishia hapa."

Sasa wanafanya wote. Wasichana kumi na mmoja, wengine wanatoka mpaka Segerea, hakuna anayesimama kwenye mstari.

Pumzika, mwanangu. Nakuahidi jiwe lile nitalipaka chokaa kila masika ikiisha, kwa mkono wangu, na siku mkono ukikataa nitakaa kwenye kiti changu nimwelekeze anayepaka, na atanikoma. Na Asha akinifuata kunambia kitu ambacho sitaki kukisikia, nitamwacha amalize.

Mie mjomba wako,
Chilumba, mlinzi na kocha