Nawaambia Wateja Wasiogope

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana mdogo wangu ameanza kufungasha nguo. Mimi ni kinyozi, saluni ni yangu, ina viti viwili, changu na chake, na kabla hajaumwa wateja walimwita Mwepesi kwa sababu ya mkono wake, wembe ukipita shingoni hata huusikii, watu walikuwa wananiacha mimi nimekaa bure wanapanga foleni kwake, wala sikuona wivu, ni damu yangu. Mwaka jana akaumwa, usiku halali, anaongea bila kituo, akataka kubomoa ukuta tuongeze viti kumi, kisha akazima kabisa, hata kuoga hataki, tukampeleka hospitali, daktari akasema ni baipola, ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka hivyo, akalazwa, akapewa dawa, akatulia, na daktari huyohuyo akasema arudi kazini. Sasa mimi kwa uaminifu wangu nikaona wateja wasije wakasikia mitaani wakadhani nawaficha, kila anayeingia namwambia taratibu, “Huyu mdogo wangu ni baipola, lakini usiogope, amepona.” Mshauri, utadhani nimewamwagia maji ya moto! Mmoja anakumbuka ameacha jiko linawaka, mwingine anapokea simu ambayo haijaita, na siku hizi mtaani hakuna tena Mwepesi, kuna “yule baipola.” Mimi simtengi, namjali, akicheka sana namuuliza kama amekunywa dawa, akinyamaza namuuliza kama amekunywa dawa, nasimama naye kutwa na bawasiri yangu hii inayonitesa, halafu juzi kavua aproni mbele ya watu akasema, “Kaka, naenda mji ambao hakuna anayenijua, na kliniki sirudi tena, maana huko ndiko nilikopewa hili jina.” Mama analia, anasema nimzuie, nimzuieje mtu mzima? Nimekosea wapi mimi ninayempenda?

Kaka mwenye mawazo

MSHAURI ANAJIBU

Kaka, pole. Naona unampenda, na hilo ndilo litakalotusaidia. Lakini jamani! Wateja hawamkimbii mdogo wako, wanakimbia tangazo lako. Mtu kaja kunyolewa ndevu, hata hajakaa vizuri, unamwambia asiogope. Asiogope nini? Si ungeishia kwenye “karibu”?

Wewe una bawasiri, umeniambia mwenyewe bila kuulizwa. Haya, mdogo wako ampokee mteja mlangoni: “Kaka yangu huyu ni bawasiri, lakini usiogope, leo ameketi vizuri.” Ungerudi hapo saluni kesho? Umecheka, eh? Mwenzako hata kucheka anaogopa, maana akicheka unamhesabia vidonge.

Kinachoniuma zaidi ni kliniki. Dawa zinamsaidia, na wewe kidogo tu umfanye azikimbie. Daktari alitaja ugonjwa ili autibu, hakuwa anambatiza mtu. Jina analo, tena alilipata kwa kazi ya mikono yake.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Kaeni wawili tu, mama asiwepo, umwombe radhi bila kutia “lakini.” Usimweleze kwamba nia yako ilikuwa njema, anajua. Mwambie habari za afya yake ni zake, na ataamua yeye amweleze nani. Kisha muulize, maadamu ametulia, ni dalili gani ukiziona angependa umwambie, umwambie kwa maneno gani, na nani amsindikize hospitali. Mkishakubaliana, shika hapo hapo, na lile swali la dawa kila saa likome. Kliniki msihi asiiache, usimwamrishe. Akitaka uende naye, funga saluni uende. Asipotaka, baki na kazi yako. Na kama bado ataamua kuhama, aondoke akijua ana kaka, na awe amepata kliniki huko kabla ya kupanda basi.

Mtaa hautabadilika kwa siku moja, nisikudanganye. Wapo watakaoendelea kuropoka. Atakayemwita “yule baipola” mbele yako, mkatize: “Nani huyo? Unamsema Mwepesi?” Halafu endelea kunyoa. Lile neno walilidaka kinywani mwako, sasa wapokee hili. Watazoea, nimeona mitaa migumu kuliko wenu ikizoea.

Na kesho, akikubali kuvaa aproni tena, wateja wakishafika, kaa wewe kwenye kiti chake akunyoe. Unyolewe kichwa na ndevu, wembe shingoni, watu wote wakiona. Usitoe hotuba. Mdogo wako akikuuliza kama unafanya hivyo kwa kumwonea huruma, mwambie nywele zimekuzidi.